Upana na Umbali

Hifadhi ya kioo ni mpangilio wa diski mbili au zaidi zinazobeba data ileile kwa wakati mmoja. Kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa pia kwenye ya pili, na programu zinazoitumia hifadhi hiyo huziona zote kuwa chombo kimoja. Diski moja ikifa, ya pili huendelea na kazi bila faili kupotea, na msimamizi hupata muda wa kutafuta diski nyingine na kuirudisha jozi katika hali yake. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliorodhesha njia za kuunganisha diski nyingi za bei nafuu, na kioo wakakiweka ngazi ya kwanza. Ni njia rahisi kueleweka, ila gharama yake ni kubwa: diski mbili hununuliwa, nafasi ya moja ndiyo itumikayo.

Mfumo wa faili uliokifanya kioo kuwa chombo cha kuaminika zaidi ni ZFS. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens walianza kuutengeneza mwaka 2001 katika kampuni ya Sun Microsystems, na msimbo wake ukatolewa wazi mwaka 2005. Baada ya Oracle kuinunua Sun mwaka 2010, kazi ya wazi iliendelea nje ya kampuni, na tangu 2013 inakwenda kwa jina la OpenZFS. Upya wake ulikuwa katika namna ya kuishuku diski. Kila kipande cha data huwekewa alama ya ukaguzi, na alama hiyo hutunzwa mbali na kipande chenyewe. Kipande kinaposomwa, alama hukokotolewa upya. Zisipolingana, mfumo huchukua nakala iliyo kwenye diski pacha, humpa msomaji data iliyo sahihi, kisha hurekebisha ile iliyoharibika. Kwa hiyo kioo cha ZFS hukinga dhidi ya diski iliyokufa na pia dhidi ya diski inayosema uongo.

Vyombo vya namna hii havihitaji jumba kubwa wala mitambo ya benki. Kompyuta ya kawaida yenye diski mbili inatosha, na ndiyo maana inafaa kufikiriwa mahali kama Lac Vert. Mtaa huo uko katika komine ya Goma, mashariki mwa Kongo, upande wa magharibi wa mji, karibu na barabara ya kwenda Sake, na una jina la ziwa dogo la kreta lenye maji ya kijani. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kichwa cha diski inayozunguka huelea juu ya bamba kwa msaada wa hewa, umbali wa nanomita chache tu, na hewa ikiwa nyepesi mno kichwa hushuka. Watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na mita 3,000, kwa hiyo Goma haina tatizo hilo, na ubaridi wake ni msaada. Maadui wa mashine hapa ni vumbi jeusi la mawe ya volkano linaloziba feni, na umeme unaokatika, uwe wa SNEL, shirika la umeme la taifa, au wa kituo cha Matebe kilichozinduliwa Rutshuru mwaka 2015. Upande huo wa mji una pia mazuku, mabonde yanayojaa kaboni dioksidi itokayo ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na huua watu na mifugo. Chumba cha seva kilichochimbwa chini ya ardhi, kinachosifiwa kwingine kwa ubaridi wake, hapa kinaweza kumuua fundi anayeshuka kukagua mashine.

Seva ndogo ya zahanati, ya shule au ya redio katika mtaa kama huo hujaa polepole. Kadi za wagonjwa, matokeo ya mitihani, sauti za vipindi na picha huongezeka kila siku, na hakuna kinachofutwa kwa sababu kila kimoja kina mtu atakayekiulizia kesho. ZFS haiandiki juu ya data ya zamani: huandika toleo jipya mahali patupu, kisha ndipo hubadilisha kielekezi. Utaratibu huo ndio unaoiwezesha kustahimili umeme unaokatika katikati ya kazi, maana toleo la zamani hubaki zima hadi jipya likamilike. Lakini utaratibu huohuo unahitaji nafasi tupu wakati wote. Hata kufuta faili huanza kwa kuandika. Hifadhi iliyojaa kabisa inaweza kukataa kufuta faili, na inayokaribia kujaa huwa nzito kwa sababu mfumo hutumia muda mrefu kutafuta mapengo. Wasimamizi wengi hushauri kutovuka asilimia 80. Upanuzi, basi, hufanywa mapema, kabla ya dharura.

Kanuni ya kwanza ya upanuzi ni kwamba ukubwa wa kioo ni ukubwa wa upande wake mdogo. Jozi ya diski mbili za gigabaiti 500 ina gigabaiti 500. Upande mmoja ukipanuliwa hadi terabaiti 2 na wa pili ukabaki ulivyo, hifadhi bado ina gigabaiti 500, na nafasi iliyoongezwa hukaa bure. Hakuna hitilafu hapo. Kitu kisichoweza kuandikwa pande zote mbili hakiwezi kuitwa salama, na mfumo unakataa kuahidi nafasi ambayo hauwezi kuilinda. Kwa sababu hiyo mtu mwenye fedha ya diski moja kubwa tu anaweza kuinunua leo na kuiweka kazini, lakini atasubiri hadi siku ya diski ya pili ndipo aone faida.

Kanuni ya pili inahusu patisheni, yaani sehemu ya diski iliyowekewa mipaka yake kwenye jedwali la diski. Msimamizi anaweza kuikabidhi ZFS diski nzima, lakini wengi huikabidhi patisheni, na wana sababu. Diski mbili zinazouzwa kwa jina la ukubwa mmoja zinaweza kutofautiana kidogo. Anayeacha nafasi ndogo mwishoni mwa diski huweza kesho kutumia diski nyingine iliyo pungufu kidogo kuliko ile iliyokufa. Wengine hutenga eneo la mfumo endeshi kwenye diski hiyohiyo. Wengine huanza na patisheni ndogo kwa sababu diski ya zamani ilikuwa ndogo, kisha wanabadilisha diski moja baada ya nyingine hadi zote mbili ziwe kubwa, patisheni zikiwa bado na kipimo cha zamani. Hao wa mwisho ndio wanaokutana na upanuzi huu hasa: diski ni kubwa, hifadhi ni ndogo, na kinachozitenga ni mstari mmoja kwenye jedwali.

Mstari huo hubadilishwa kwa tahadhari moja isiyojadiliwa: mwisho wa patisheni husogezwa, mwanzo hauguswi. Anwani zote za data huhesabiwa kutoka mwanzo wa patisheni. Mwanzo ukisogea hata kwa sekta moja, kila anwani huelekeza pasipo pake, na hifadhi haitambuliki tena ijapokuwa hakuna biti iliyofutwa. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, namba ya sekta ya kwanza ya kila patisheni huandikwa kwenye karatasi, na hali ya hifadhi hukaguliwa ili kuhakikisha pande zote mbili ni nzima. Kupanua jozi yenye upande mgonjwa ni kuuweka upande uliobaki hatarini bila msaidizi.

Jedwali lenyewe, kwa diski za sasa, huwa la aina ya GPT. Aina ya zamani, MBR, ilikuwa na kikomo cha terabaiti 2 kwa diski zenye sekta za baiti 512, na ilikaa mahali pamoja tu, mwanzoni mwa diski. GPT ina nakala mbili: moja mwanzoni, nyingine mwishoni kabisa, na kila nakala ina alama yake ya ukaguzi. Picha ya diski ndogo ikihamishiwa kwenye diski kubwa, au diski ya seva ya mtandaoni ikiongezwa ukubwa, nakala ya mwisho hujikuta katikati, na jedwali huendelea kuamini kwamba diski inaishia pale. Hapo kazi ya kwanza ni kuihamishia nakala hiyo kwenye mwisho halisi. Ndipo mpaka wa patisheni uweze kusogezwa.

Kazi hufanywa upande mmoja kwanza, kisha wa pili. Wapo wanaouondoa kabisa upande mmoja kwenye jozi, wakaugawa upya, kisha wakaurudisha na kusubiri unakiliwe wote kutoka kwa mwenzake. Njia hiyo inafanya kazi, lakini kwa saa zote za kunakili data hukaa kwenye diski moja, huku diski hiyo ikisomwa kwa nguvu kuliko siku zote. Ikiwa mwanzo wa patisheni haubadiliki, hakuna haja hiyo, kwa kuwa data iko palepale ilipokuwa. Inatosha kuusimamisha upande mmoja, kuusogeza mpaka wake, na kuurejesha kazini. Mfumo utanakili tu yale yaliyoandikwa wakati upande huo haupo. Upande wa pili hufuata baada ya wa kwanza kuthibitika kuwa mzima.

Baada ya hapo wengi huangalia ukubwa wa hifadhi na kuukuta haujabadilika. Katika parseli za Goma, ukuta wa mawe ya volkano unaweza kusogezwa hadi kwenye mpaka mpya bila nyumba ya mbao iliyo ndani kuongezeka chumba. Hadi mwenye nyumba ajenge, eneo lililoongezwa ni uwanja tu. Ndivyo ilivyo hapa. Kwanza, kiini cha mfumo endeshi huenda bado kinashikilia ramani ya zamani ya diski, na kinahitaji kuambiwa kiisome upya au mashine iwashwe upya. Pili, hifadhi yenyewe haijipanui bila ruhusa: sifa iitwayo autoexpand huwa imezimwa tangu mwanzo. Msimamizi hutoa amri zpool online -e akitaja jina la hifadhi na la patisheni, kwa kila upande. Upande wa pili ukishakubali, ukubwa mpya huonekana mara moja, mashine ikiwa kazini na watumiaji wakiendelea kusoma na kuandika.

Namba itakayoonekana inaweza kuwa ndogo kuliko iliyo kwenye kasha la diski. Watengenezaji huhesabu terabaiti kwa makumi, yaani baiti trilioni moja, ilhali zana za ZFS huhesabu kwa vipeo vya mbili. Diski ya terabaiti 2 huonekana kama 1.82. Hakuna kilichopotea.

Kinachotokea ndani wakati huo kinastahili kutazamwa kwa makini. Kila patisheni iliyo ndani ya hifadhi hubeba lebo nne zinazofanana, kila moja ya kilobaiti 256, zenye maelezo ya hifadhi na ya pacha wake. Mbili hukaa mwanzoni na mbili mwishoni. Patisheni inapopanuka, mwisho wake umehama, na lebo mbili za nyuma huandikwa kwenye mwisho mpya. Kisha nafasi iliyoongezwa hukatwa vitalu. Jozi ilipoundwa siku ya kwanza, eneo lake liligawanywa katika vitalu vya ukubwa sawa, na ukubwa wa kitalu haubadilishwi tena. Upanuzi huongeza idadi ya vitalu, na kipande cha mwisho kisichofikia kitalu kizima huachwa. Data ya zamani haihamishwi. Vitalu vipya huanza vitupu na kujazwa na maandishi yajayo. Ndiyo maana kazi inayoonekana kubwa hukamilika kwa sekunde chache.

Wepesi huo una bei yake. Jozi iliyopanuliwa haipunguzwi. Hakuna amri ya kuirudisha kwenye kipimo cha jana, hata kama nafasi yote mpya bado ni tupu. Anayetaka kurudi nyuma kwa kawaida hulazimika kujenga hifadhi nyingine, kuhamisha data yote, na kuivunja ya kwanza. Kwa hiyo uamuzi wa kiasi gani cha diski kipewe hifadhi na kiasi gani kiachwe hufanywa kabla ya amri, na baada ya amri hubaki kazi moja: kuamrisha ukaguzi wa hifadhi nzima, ambao husoma kila kipande pande zote mbili na kuzilinganisha alama.

Ukiitazama kazi yote kwa mpangilio, jambo moja linajitokeza. Jedwali la diski lina nakala mbili, mwanzo na mwisho. Lebo zina nakala nne, mwanzo na mwisho. Data ina nakala mbili, diski hii na ile. Kila mahali wabunifu wamekataa kuamini nakala moja, na kila mahali wamezitenga nakala kwa kadiri ya hatari waliyoifikiria. Lebo ya mwanzoni na ya mwishoni zimetengana kwa upana wa patisheni, na hilo linatosha dhidi ya mkwaruzo au amri ya kizembe iliyofuta mwanzo wa diski. Diski mbili zimetengana kwa sentimita chache, na hilo linatosha dhidi ya mota iliyokufa. Nakala hulinda kwa kadiri ya umbali wake na pacha wake, wala si zaidi. Upanuzi huongeza upana na hauongezi umbali hata kidogo. Hifadhi iliyokuwa na rekodi za miaka mitatu sasa itabeba za miaka kumi, ndani ya kasha lilelile, juu ya meza ileile.

Goma ni mji unaojua maana ya umbali. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuteketeza nyumba, maduka na ofisi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena. Lava ikasimama Buhene, pembezoni mwa mji, na siku tano baadaye serikali ya jimbo ikaamuru mitaa kumi ihamwe. Lac Vert haikuwa miongoni mwake, lakini maelfu waliokimbilia Sake walishika barabara ya upande huo wakiwa na watoto, magodoro na vyombo. Vita navyo vimefika mtaani. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za wakimbizi wa ndani za Lac Vert na Mugunga na kuua watu, na Januari 2025 mapigano yakaingia mjini kwenyewe. Hatari za namna hiyo hazichagui diski ya kushoto zikaacha ya kulia. Kwa moto, kwa uporaji au kwa mtaa uliohamwa, kioo cha diski mbili ni nakala moja.

Wanasayansi wa volkano wenyewe wamelifanyia kazi jambo hili. Mtandao wa vipima tetemeko uitwao KivuSNet, uliojengwa katika miaka ya 2010 kwa ushirikiano wa Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Goma na taasisi za Ubelgiji na Luxembourg, ulipangwa kupeleka data Goma na pia Luxembourg. Mlima ukila nakala ya Goma, nakala ya Ulaya haiguswi. Lakini kituo hicho kilifundisha pia kwamba umbali una gharama. Kuanzia mwishoni mwa 2020 fedha za mradi zilipokwisha, kiliishi miezi kadhaa bila intaneti ya kupokea data za vipima vya mbali, hadi huduma iliporudi Aprili 2021, wiki chache tu kabla ya mlipuko. Umbali usiolipiwa hukatika.

Kwa seva ndogo umbali unaweza kununuliwa kwa bei ya chini. ZFS huweza kupiga picha ya hali ya hifadhi kwa wakati fulani bila kunakili data, kisha kutuma tofauti iliyopo kati ya picha mbili pekee kwenye hifadhi nyingine. Nakala ya kwanza, iliyo kubwa, inaweza kusafirishwa kwa mkono kwenye diski, kwa boti ya Ziwa Kivu hadi Bukavu. Yatakayofuata ni mabadiliko ya siku, yanayoweza kupita usiku kwenye laini ya kawaida ya simu. Data iliyofungwa kwa ufunguo na ZFS yenyewe inaweza kutumwa ikiwa imefungwa vilevile, na anayeipokea hawezi kusoma kadi ya mgonjwa hata mmoja. Mahali pa kupokea nako huchaguliwa kwa kuangalia hatari. Gisenyi iko katika nchi nyingine, lakini iko chini ya mlima uleule. Butembo, Kampala au Nairobi ziko mbali na lava yake.

Kwa hiyo siku ya kupanua hifadhi ndiyo siku ya kuhesabu umbali, kwa sababu ndiyo siku ambayo dhamana inaongezeka. Kila msimamizi wa hifadhi ya aina hii, pale Lac Vert na popote penye diski mbili mezani, na ajiulize kabla ya kuandika amri: nakala ya tatu iko wapi, ilisasishwa lini, na ni nani aliyewahi kujaribu kurejesha faili kutoka kwayo? Mwenye majibu hayo na apanue, kwani kazi yenyewe ni ya dakika chache. Asiye nayo aanze na nakala ya mbali, kisha arudi kwenye patisheni. Hifadhi isiyo na nakala nje ya Goma haijawa tayari kupanuliwa.